Safari za Kanisa Kwenda Afghanistan: Gharama Humwangukia Nani?

Tarehe 19 Julai 2007, Wakorea Kusini 23 wa Kanisa la Saemmul, lililoko Bundang karibu na Seoul, walitekwa na Taliban mkoani Ghazni wakiwa ndani ya basi lililotoka Kabul kuelekea Kandahar. Wanaume wawili waliuawa, mmoja wao mchungaji aliyeongoza msafara, na waliosalia waliachiliwa kabla Agosti haijaisha, baada ya serikali yao kuthibitisha kwamba askari wake wapatao 200 wangeondoka mwaka huohuo na kuahidi kwamba Wakorea hawatafanya tena kazi ya kueneza Ukristo nchini humo.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Watu hao walitumia likizo zao kwenda kuwahudumia wagonjwa na watoto, katika nchi ambayo vita vilikuwa vimeifukarisha. Imani imewafikisha wengi mahali ambapo mshahara haumpeleki mtu. Isitoshe, mwenye kosa la mauaji ni muuaji, na lawama nyingi zilizomiminwa Korea juu ya mateka wale zilisahau jambo hilo la wazi.

Hata hivyo, onyo lilikuwepo. Agosti 2006 serikali ya Kabul iliwafukuza Wakristo wa Korea zaidi ya elfu moja waliokuja kwa tamasha la amani, na mapema mwaka huohuo Mwafghani Abdul Rahman alikabiliwa na hukumu ya kifo kwa kuuacha Uislamu, akanusurika kwa kupewa hifadhi nchini Italia. Mgeni anayehubiri kwa siku kumi hurudi kwao, ilhali anayebaki na tuhuma ni mwenyeji aliyempokea. Nayo marufuku ya kusafiri ambayo Korea Kusini iliiweka baada ya utekaji iliwagusa pia Wakorea waliokuwa wakifanya kazi za misaada huko kimyakimya, ambao hawakuwamo katika basi lile.

Je, basi, dawa ni kukaa muda mrefu? Ingekuwa rahisi kusema hivyo, lakini historia haikubali. Tom Little, Mmarekani mtaalamu wa macho, aliishi Afghanistan zaidi ya miaka 30 na kukijua vizuri Kidari. Agosti 2010 aliuawa huko Badakhshan pamoja na wenzake tisa, wawili wao Waafghani, wakirejea kutoka kutibu macho Nuristan. Taliban walidai kwamba walikuwa wakihubiri. Shirika lao la Kikristo, International Assistance Mission, lililokuwa nchini tangu 1966, lilikanusha. Daktari Mjapani Tetsu Nakamura, naye Mkristo, alipigwa risasi Jalalabad tarehe 4 Desemba 2019, na Waafghani watano waliokuwa naye wakafa pia.

Kwa hiyo usalama wa mgeni si kipimo kinachotosha. Nakamura alianza mwaka 1984 na wagonjwa wa ukoma huko Peshawar, Pakistan, akavuka mpaka na kufungua zahanati, kisha ukame wa mwaka 2000 ukamwonyesha kwamba watu aliowatibu walikuwa wakiugua kwa kukosa maji safi na chakula. Mwaka 2003 akaanza kuchimba mfereji Nangarhar, akiiga banio la kale (ukuta wa kuyaelekeza maji mferejini) la mto Chikugo kwao Fukuoka, lililojengwa kwa mawe, ili mkulima aweze kulikarabati mwenyewe bila kumsubiri mhandisi. Alijenga pia msikiti na madrasa, kwa sababu wanakijiji walivihitaji. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mkubwa kwamba imani ya mtu inaweza kumtuma bila kumfanya adai malipo ya nafsi za wengine.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba muuguzi mwenye likizo fupi hawezi kumwiga Nakamura. Ni kweli, wala hatakiwi kuwa yeye. Upasuaji wa mtoto wa jicho humalizika kwa muda mfupi, na safari ya Little ya Nuristan yenyewe ilikuwa fupi. Lakini ilifanywa kwa mwaliko wa wenyeji, ikiongozwa na mtu aliyelijua eneo, chini ya shirika ambalo lingebaki kumfuatilia mgonjwa baada ya bendeji kufunguliwa. Kanisa lisiloweza kumtaja mtu wa namna hiyo huko linakokwenda lingefanya vyema kumpelekea aliyeko nauli ya msafara mzima.