Akishajua jeni yake, afanyiwe nini?

Mwanamke mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, mimba tatu zimeshamharibikia, anaomba apimwe jeni za kuganda kwa damu. Daktari anamjibu kwamba hakuna haja. Anatoka pale akiamini amepuuzwa, nami simlaumu. Ila daktari naye ana hoja, na ni nadra apate nafasi ya kuieleza ikaeleweka.

Wanaodai kipimo hawabahatishi. Lupasi hutembea katika familia, na baadhi ya jeni za kinga ya mwili za kundi la HLA, kama DR4 na DR7, zimehusishwa na zile kingamwili zinazofanya damu igande ovyo. Mtu akiwa amerithi pia faktori V Leiden, kasoro ya jeni inayoifanya damu igande kirahisi, kwa nini afichwe?

Haya, ajue. Kisha? Mwaka 1997 majibu ya jaribio la Uingereza yalichapishwa, la wanawake 90 wenye kingamwili hizo. Kati ya waliotumia aspirini pekee, asilimia 42 walijifungua mtoto hai. Walioongezewa heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, asilimia 71. Hapo dawa imefanya kazi. Sasa tazama jaribio la ALIFE2 la mwaka 2023, la wanawake 326 waliorithi kasoro za kuganda kwa damu na kupoteza mimba mbili au zaidi. Waliodungwa heparini, asilimia 72. Wasiodungwa, 71. Hiyo moja nimeigeuza kila upande na bado ni moja, tena inatafutwa kwa sindano ya kila siku, miezi na miezi, huku karibu nusu ya waliodungwa wakivilia damu chini ya ngozi kwa urahisi. Wenzao waliovilia hivyo ni mmoja tu katika kumi.

Aliyewahi kugandiwa na damu mguuni au mapafuni ana kesi yake, hiyo tuiache. Kwa mwenye lupasi anayetafuta mtoto, kipimo cha kwanza ni cha kingamwili, na kirudiwe baada ya wiki 12, kwa sababu hata maambukizi ya kupita huzipandisha kwa muda.

Kipo kipimo cha vinasaba ambacho ningekipigania, nacho husahaulika: kromosomu za mimba yenyewe iliyotoka. Takriban nusu ya mimba zinazoharibika mapema zina kasoro hapo, na lupasi haimwepushi mtu na hilo. Tishu ikitupwa bila kuangaliwa, heparini itaonekana imeshindwa, na mimba ijayo mama ataongezewa dozi ya dawa isiyokuwa na kosa.