Eti Nimeajiriwa Mgahawani

Wadau, kule kwenye grupu la Watanzania tulioko Japani nimeshapongezwa kwa kazi mpya. Sina kazi mpya. Niacheni nieleze kabla chumvi haijazidi.

Jana jioni, mimi na rafiki yangu, mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, mgahawa wa rameni, zile tambi za mchuzi. Ukifungua mlango tu, wapishi wote kwa pamoja: "Irasshaimase!" Ndiyo karibu yao hiyo, na mteja hatarajiwi kujibu, anaingia zake, anakaa. Sasa mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na bibi ambaye usipoitikia salamu unalala na njaa. Nikasimama palepale mlangoni, nikainama, nikaitikia kwa sauti ya mchakamchaka: "Irasshaimase!"

Kumbe nyuma yangu mzee mmoja na mkewe wanaingia. Nami nimevaa fulana nyeusi. Wapishi nao, fulana nyeusi. (Mnaona mambo yanavyojipanga?) Kugeuka, uso kwa uso na mvi. Shikamoo ikanifika mdomoni, nikaimeza, nikainama tena: "Irasshaimase!"

Mzee akanyoosha vidole viwili. "Futari," yaani wako wawili. Nikatabasamu. Akaenda kwenye mashine, maana pale unalipia kwanza mashineni, akarudi na vitiketi viwili, akanikabidhi. Nimefundishwa kuwa Japani kitu hupokewa kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikainama. Akainama. Nikaona kanizidi, nikashuka zaidi. Mkewe naye akainama. Mpishi kashika upawa hewani, mchuzi unadondoka tone, tone. Ananitazama mimi, anatazama vitiketi. Mgahawa kimya. Rafiki yangu kule kwenye mashine kaziba mdomo kwa pochi, mabega yanamcheza.

Wangekaa wakanyamaza, ningepona. Lakini yule mama akasema, "Sumimasen, omizu." Hilo nalijua! Maji! Furaha ya kuelewa Kijapani ikanipanda kichwani, jagi liko pale pale, nikawamiminia.

Yaliyofuata mafupi. Msichana wa zamu akaja, akavipokea vitiketi kutoka kwangu kwa mikono miwili, akanishukuru. Nikala nimeinamia bakuli, hata ladha siikumbuki. Mzee alipomaliza akapita kwenye kiti changu, akaniambia, "Gochisousama deshita," shukrani ambayo aliyeshiba humpa aliyemlisha.

Nikamjibu, "Arigatou gozaimashita," asante ya mhudumu kwa mteja anayeondoka. Ningefanyaje?