Uzi wa tatu, freti ya saba

Miezi nane sasa najifunza kupiga solo za rock na wacha niseme kitu ambacho kitawaudhi wale vijana wa skeli, yani mipangilio ya noti. Kama ndo unaanza, achana na spidi, achana na kukariri skeli kila kona ya shingo ya gitaa, kaa na uzi wa tatu (hesabu toka ule mwembamba) kwenye freti ya saba (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) ujifunze kuuvuta, yani kuusukuma pembeni kwa kidole sauti ipande, mpaka ufike pale unapotakiwa kufika. Basi. Mi nlipoteza miezi mitano kabla sijaelewa ivo, na kama kuna mtu angenizaba kofi mapema ningemshukuru.

Mi ni mtoto wa kambini, baba alikuwa mwanajeshi, kwaiyo Kiswahili ndo lugha ya nyumbani hata kama Kampala nzima inaniongelesha Kiganda. Gitaa nimelijulia kanisani. Sasa kama umewahi kuingia kwenye haya makanisa yetu Jumapili unajua vile inakuwaga, pambio likikolea mpiga kinanda anapandisha, ngoma zinaingia, watu wanatoka kwenye viti, na hapo gitaa linatakiwa litoe sebene, zile noti mbilimbili zinazokimbizana huko juu karibu na tumbo la gitaa, sauti safi bila distosheni (ile sauti ya kukwaruza ya rock), furaha tupu. Hiyo naiweza. Naiweza hata nikiwa na njaa. Ndo maana nlivyoamua kuhamia rock nlidhani ni kazi ya wiki mbili, si vidole tayari vina mbio?

Wapi. Kila nlichopiga kilitoka pambio. Naweka distosheni mpaka mwisho, nakunja sura kama nimeng'atwa na siafu, alafu kinachotoka kwenye ampu, ile spika ya gitaa, ni haleluya. Shida ni kwamba sebene yetu inakaa sana kwenye do-re-mi ya furaha, na noti inakaa pale pale freti ilipowekwa, unaigonga unasonga mbele. Rock ya kuanzia nayo inakula kwenye skeli ya sauti tano. Ukiwa kwenye A ya huzuni (A minor) ni A, C, D, E na G, unaweka kidole cha kwanza freti ya tano alafu mkono wote unabaki palepale, hakuna kuhama. Ukiiangalia ni rahisi mpaka unacheka. Hiyo nliimaliza siku mbili, nikaanza kuikimbiza juu chini juu chini, nikajiona nimefika.

Alafu kuna ile karatasi ya tabu. Hizo namba za freti zilizochorwa kwenye mistari sita, na jina zimelipata sawasawa kabisa. Tabu inakwambia kidole kiende wapi, inakuchorea na kamshale kwamba hapa uvute uzi, lakini haiwezi kukwambia uvute vipi, kwa haraka au taratibu, ukae juu muda gani, ushuke ukilia au ukate. Nliweza kusoma solo nzima kwenye karatasi na mtu akisikia hajui nimepiga nini.

Kosa lingine lilikuwa nyuzi, na hili nalisema kwa uchungu. Gitaa lenyewe nlinunua mtumba, shilingi 350,000, nikaenda duka fulani la vyombo mjini nikasema nataka nyuzi za gitaa la umeme, kijana akanipa pakiti, nikalipa, nikafunga. Miezi miwili navuta uzi wa tatu hausogei! Vidole vimechubuka, kidole cha tatu kina kidonda, nikajua tu mi mkono wangu ni dhaifu. Kumbe alinipa nyuzi za gitaa kavu, lile lisilo la umeme, zinaanzia namba 12 (namba ni unene wa uzi, seti inaitwa kwa ule mwembamba) na uzi wa tatu umezungushiwa waya kama uzi wa besi. Ule hata umpe fundi wa magari hauvuti vizuri. Gitaa la umeme anayeanza aweke seti ya 9, au 10 kama mkono una nguvu, na uzi wa tatu uwe mtupu bila waya. Najua kuna watu watasema Stevie Ray Vaughan, yule mpiga gitaa wa blues wa Marekani, alikuwa anaweka 13. Sawa, ila yeye alishusha gitaa nusu sauti ili zilegee, na yeye ni yeye. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kwenye mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akarudi kwenye gitaa na vidole vya bandia na nyuzi nyepesi za banjo, na hakuna anayemwambia rock yake ni laini. Nyuzi nyepesi sio uoga bana.

Sasa nije kwenye ile jioni. Stima ikapotea kama saa mbili usiku, ampu ikanyamaza, na mi nlikuwa katikati ya solo nayoiona tamu sana. Nikasema sawa, naendelea gizani bila ampu, gitaa nimeliegemeza kidevuni karibu kabisa na sikio. Navuta uzi wa tatu freti ya saba kama kawaida. Nikasikia kitu kibaya. Noti ilipanda, ikachoka njiani, ikakaa mahali pasipo na jina. Nikarudia, ikapita. Nikarudia, ikakaa chini. Mara ishirini, hakuna hata mbili zilizofanana. Kumbe siku zote distosheni na mwangwi wa ampu vilikuwa vinanifunika kama shuka, na mi najifunza uongo kila siku nusu saa.

Kipimo ni hiki, na kinafanyika hata gizani. Piga uzi wa pili freti ya tano, hiyo ni E, isikilize mpaka ikae kichwani. Alafu shika uzi wa tatu freti ya saba, hiyo ni D, na uisukume juu mpaka itoe ile ile E. Tunasema kuvuta lakini kwa kweli unasukuma kuelekea kwenye uso wako. Kidole cha tatu ndo kinashika, cha pili na cha kwanza vinakaa nyuma yake vinasaidia kusukuma, gumba linapanda juu ya shingo linashikilia, na kinachozunguka ni kifundo cha mkono, kama unafungua kitasa cha mlango. Ukitumia kidole kimoja peke yake utaumia na hautafika. Ukifika, kaa hapo, hesabu nne polepole, shuka. Metronomu ya simu (inayokuhesabia mapigo) niliweka 60 kwa dakika na hata hiyo ilinikimbiza.

Nilimpelekea hayo malalamiko mzee mmoja Mkongo wa Kansanga hapa Kampala, anapiga solo kwenye harusi, tunamwita Papa tu. Nikampigia solo yangu ile ya mbio. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mutoto, uko nakimbia wapi?" Nikamwambia Papa, hii ni rock, ndo ilivyo. Akasema yeye B.B. King anamjua toka alivyokuja Kinshasa, na yule mtu noti moja anaipiga mpaka unaanza kukumbuka madeni yako. Na ni kweli B.B. King alipiga Kinshasa Septemba 1974, kwenye lile tamasha la kabla ya pambano la ndondi la Ali na Foreman. Yule ni wa blues, sawa, lakini hao mabwana wa rock tunaowaabudu wengi walichota kwake ile namna ya kuvuta uzi na kuutetemesha. Sikiliza hata huku kwetu, Mbaraka Mwinshehe anaimba mstari alafu gitaa lake la solo linamjibu, linapumua kama mtu. Hakuna mbio pale.

Kwaiyo msimamo wangu ndo huo, kijana anayepiga noti mia na hana hata moja iliyofika pale ilipotakiwa bado hajaanza, na mi nlikuwa huyo. Wapo watakaosema mbio nazo ni sehemu ya rock, sibishi, zitakuja, ila mimi bado sijaona mtu aliyeanza na mbio akarudi nyuma kurekebisha kuvuta, wengi wanaongeza distosheni tu.

Saa hii niko kwenye kutetemesha uzi ukiwa juu, hiyo ni vita nyingine na naipoteza. Na tangu nianze hii kazi nimekata nyuzi nne, zote za tatu, duka nlilopata linauza seti nzima tu, mezani nina pakiti nne kila moja imebaki na nyuzi tano. Kama kuna mtu yuko Kampala ana namba 16 (ndo uzi wa tatu wa seti ya 9) ya ziada, nina namba 9 za kubadilishana, tena mpya.