"Ufalme wako uje" na daftari langu la madeni

Nimeisali Sala ya Bwana tangu utotoni, asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi maneno "ufalme wako uje" yalinipita mdomoni bila kugusa kitu. Kichwani mwangu ufalme wa Mungu ulikuwa mahali, kule juu, tutakakokwenda tukishakufa. Ndivyo tunavyousikia sana misibani, na tumaini hilo silibezi hata kidogo; nalishika kwa mikono miwili.

Lakini Yesu hakuanza mahubiri yake kwa habari za kifo. Katika Marko 1:15 anatangaza kwamba ufalme wa Mungu umekaribia, na papo hapo anawataka watu watubu. Neno la Kigiriki lililotumika pale, basileia, hubeba kwanza maana ya utawala, yaani mfalme kushika hatamu. Na sala yenyewe inajieleza: "Mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni." Hapa duniani! Basi anayeomba hivyo anaomba atawaliwe leo, katika ulimi wake, katika ujira wa anayemfanyia kazi, katika hasira yake. Nadhani tungeiomba kwa woga kidogo kama tungesikiliza tunachosema.

Mimi ilinikamata kwenye deni. Ndugu yangu wa damu alinikopa, siku ya kulipa ikapita, akaacha kupokea simu. Jina lake nililiandika daftarini nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha mstari wa pili, na huo wa pili ukatoboa karatasi.

Jioni moja nilikuwa nasoma Mathayo 18, daftari liko pembeni. Ufalme wa mbinguni, anasema Yesu, umefanana na mfalme aliyemsamehe mtumwa wake talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi. Mtu yule akatoka, akakutana na mwenzake aliyekuwa akidaiwa naye dinari 100, akamshika koo.

Wahubiri wengi huziita zile dinari 100 kitu cha bure. Sikubaliani nao. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho, na mtu akikukalia na pesa kama hiyo unaumia kweli. Uchungu wangu nao haukuwa wa kubuni. Yesu haudharau; anauweka tu kando ya zile talanta 10,000, halafu anakuacha utazame. Wala simaanishi tufumbie macho dhuluma, maana Paulo katika Warumi 14:17, akieleza ufalme wa Mungu ni nini, anaitaja haki kwanza, ndipo amani na furaha. Ila mimi sikuwa natafuta haki. Pesa yenyewe nilishaikatia tamaa. Nilichokuwa nataka ni kumwona akiaibika mbele ya ukoo.

Nikafunga Biblia nikaanza kusali. Nilipofika "ufalme wako uje" sikuweza kuendelea.

Nikampigia. Akakata. Nikapiga tena, akakata tena. Mara ya tatu akapokea, akanyamaza, anangoja nimdai. Nikamuuliza watoto hawajambo.