Mtaa wa Gofu Mlimani: Unanunua Nyumba au Unanunua Klabu?

Mtu anayetafuta nyumba kwenye mtaa wa gofu huko milimani, yaani nyumba zilizojengwa kuzunguka uwanja wa gofu na klabu yake, kwa kawaida hutazama mandhari kwanza, kisha uwanja, kisha nyumba yenyewe. Vitabu vya hesabu vya klabu havigusi kabisa. Mimi ningeanzia hapo. Mandhari haiendi popote, na nyumba yenye kasoro hurekebishika. Klabu ndiyo inayoweza kufa, na ikifia mlimani hufa na mengi.

Mtaa wa gofu ulio pembezoni mwa jiji ukipoteza uwanja wake, wakazi hubaki na ajira, shule na barabara zilizokuwapo kabla ya gofu. Bei za nyumba zitashuka, lakini wanunuzi wataendelea kuja kwa sababu nyingine. Mlimani mambo huwa kinyume. Mara nyingi gofu ndiyo iliyopasua barabara, ikavuta umeme, ikachimba visima na kuleta mgahawa pekee ulio karibu. Wanaoishi pale hawakufuata kazi, walifuata uwanja na hewa. Uwanja ukifungwa, inabaki hewa. Na viwanja hufungwa kweli: Marekani, yenye viwanja takriban 16,000, ilipitia zaidi ya miaka kumi kuanzia 2006 ambapo kila mwaka vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa.

Hata hivyo, wanaoipenda mitaa hii wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Ya kwanza ni joto. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi. Siku ambayo watu wa tambarare wanahangaika na nyuzi 33, aliye mita 1,200 juu yao anacheza kwenye nyuzi 25. Kwa mtu wa umri wa miaka 65 hilo linaweza kuamua kama atacheza mwezi huo au atakaa ndani na feni.

Ya pili ni watu, na hapa ndipo wachambuzi wa bei za nyumba hukosea zaidi. Kuhamia mlimani peke yako ni upweke. Majirani wako mbali, barabara zina kona, na jioni huingia mapema bondeni. Klabu hukupa watu wa kucheza nao Jumanne, wa kula nao Ijumaa, na wa kugundua kwamba hujaonekana siku mbili. Wapo wanaolipia uanachama miaka mingi baada ya magoti kukataa mchezo, na hawajapotea njia. Wanajua wanachonunua. Tena gharama za mlimani, kama kuondoa theluji, kuziba mashimo ya barabara na kutunza mifereji, hubebeka vizuri zaidi zikigawanywa kwa nyumba 300 kuliko zikimwangukia mwenye nyumba mmoja aliyejenga kwenye kilima chake.

Na mchezo wenyewe? Huku juu una raha zake. Hewa nyepesi huusukuma mpira mbele: kwenye mwinuko wa mita 1,600 mpira huruka kama asilimia 6 zaidi ya pale pwani. Ndiyo maana michuano ya BMW Championship ya mwaka 2024, iliyochezwa Castle Pines huko Colorado, ilipangiwa uwanja wa yadi 8,130, mrefu kuliko wowote katika historia ya PGA Tour, mfululizo wa michuano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na bado wachezaji hawakuonekana kuteseka kwa urefu huo. Mchezaji wa kawaida naye hufurahia kuuona mpira wake ukielea angani kama wa kijana.

Lakini kuna uwanja wa kutembelea na uwanja wa kuishi nao, na milima imejaa wa kwanza. Mgeni husisimkwa na shimo, yaani njia nzima ya kuchezea kutoka sehemu ya kuanzia hadi tundu la mpira, linaloanzia juu ya genge na kuishia mita 40 chini. Anayelicheza mara 120 kwa mwaka huanza kuuliza kwa nini kila mpira unaokwenda kulia hupotelea korongoni, na kwa nini hawezi tena kutembea uwanja mzima bila kigari. Kila seti ya sehemu za kuanzia hupewa namba ya ugumu kwa mchezaji wa kawaida akilinganishwa na bingwa, kati ya 55 na 155, huku 113 ikihesabiwa kuwa ya wastani. Itazame namba hiyo kwa sehemu za kuanzia utakazotumia ukiwa na miaka 75, achana na zile unazotumia leo. Ikizidi 135 hata kwenye sehemu hizo, jiulize mara mbili.

Msimu nao haukwepeki. Uwanja wa Crans-sur-Sierre huko Uswisi, unaoandaa mashindano makubwa ya kimataifa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hufunikwa na theluji wakati wa baridi. Milima mingi ya kaskazini iko hivyohivyo: miezi mitano, sita, au saba ya kucheza. Ada hailali miezi hiyo. Mtu anayelinganisha klabu ya mlimani na ya pwani kwa ada ya mwezi anajidanganya. Alinganishe kwa raundi atakazocheza kweli, na hesabu itabadilika sura.

Sasa turudi kwenye mfuko. Uwanja wa gofu kwenye mtaa wa namna hii huwa na mmoja wa wamiliki watatu: kampuni iliyojenga mtaa, wanachama wenyewe, au mwekezaji wa nje aliyeununua baadaye. Kampuni iliyojenga ndiyo yenye tabasamu pana. Ada huwa nafuu, majani ni mazuri, mpishi ni hodari. Kinachofichika ni kwamba kampuni hufidia hasara ya klabu kwa fedha za viwanja vya kujenga inavyouza. Viwanja vikiisha, au wanunuzi wakikauka, fidia hukoma.

Mfano unaofundisha ni The Cliffs, mradi wenye mitaa kadhaa ya gofu kwenye vilima vya South Carolina na North Carolina. Mwaka 2007 ulitangaza kwamba Tiger Woods angebuni hapo, karibu na Asheville, uwanja wake wa kwanza nchini Marekani. Kisha soko la nyumba likaporomoka. Mwaka 2010 wanachama waliukopesha mradi dola milioni 64 ili huduma walizoahidiwa zimaliziwe. Mwaka 2012 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na uwanja wa Woods haukujengwa. Anayepinga mitaa hii huishia hapo. Haki inadai tuendelee: klabu zilipata wamiliki wapya na viwanja vyake bado vinachezwa. Aliyenunua nyumba akiwa na akiba ya kuvumilia alivuka. Aliyekopa kila senti akitegemea bei ipande ndiye aliyeumia.

Tamarack huko Idaho ilipita njia ngumu zaidi. Fedha za mradi zilikauka mwaka 2008, na baadaye uwanja wake wa gofu ukafungwa kwa miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa. Waliokuwa na nyumba kando ya uwanja walitazama magugu wakati huo wote, huku matangazo waliyonunulia nyumba yakiwa bado na picha za kijani.

Klabu inayomilikiwa na wanachama ni salama zaidi, ila usalama huo hulipiwa. Paa la jengo la klabu likivuja au mfumo wa kumwagilia ukizeeka, hakuna tajiri wa kumlilia, wanachama huchangishwa. Na penye wengi pana mengi: kuna wazee wanaotaka ada isipande hata senti, na vijana waliostaafu mapema wanaotaka ukumbi mpya wa mazoezi. Kwa maoni yangu ugomvi huo ni dalili ya afya. Klabu ambayo hakuna anayegombana kwenye mkutano mkuu huenda haiwaonyeshi watu hesabu. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ukubwa wa mfuko wa akiba, na orodha ya wanaosubiri kuondoka kwenye uanachama. Hiyo ya mwisho husahaulika, nayo inasema mengi. Klabu fulani humrejeshea anayeondoka kiingilio chake pale tu wanapopatikana wapya kadhaa wa kuchukua nafasi, na foleni ikiwa ndefu unaweza kungoja miaka huku ukilipa ada.

Je, uanachama uwe wa lazima kwa kila mwenye nyumba? Wasiocheza huuchukia, na wana haki: wanalipia mchezo wasioujua. Unapouza, kila mnunuzi asiyetaka klabu ameshatoka kwenye soko lako. Lakini ondoa ulazima huo, na mwaka mbaya wa kwanza nusu ya watu watajitoa, waliobaki watabebeshwa mzigo, nao wataanza kujitoa. Mimi huegemea kwenye njia ya kati, ambapo kila nyumba hulipa ada ndogo ya jamii inayotunza jengo na njia za kutembea, na gofu yenyewe hulipiwa na wachezaji. Haiondoi hatari yote. Inaigawa kwa haki zaidi.

Kuhusu nyumba iliyo ukingoni kabisa mwa uwanja, nina shaka kama inastahili bei inayoombwa. Huko Kingston, Massachusetts, familia moja iliishi kwenye nyumba iliyopigwa na mipira kama 650 tangu 2017. Mwaka 2021 baraza la wazee wa mahakama liliwapa fidia ya mamilioni ya dola, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu baraza halikuelekezwa ipasavyo kuhusu nyaraka za ardhi zilizoipa klabu haki fulani juu ya viwanja vya majirani. Nyaraka za namna hiyo zipo karibu kila mtaa wa gofu, na wanunuzi huzitia saini bila kuzisoma. Mlimani mteremko huongeza jambo: mpira uliotua juu huendelea kushuka, na maji ya mvua na ya kumwagilia hufuata njia hiyohiyo. Mahali pazuri ni juu ya uwanja, nyuma ya eneo la kuanzia, si chini yake.

Maji yanastahili swali zito, kwa kuwa dawa zinazonyunyizwa uwanjani zinaweza kuingia visimani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la JAMA Network Open, uliofanywa Minnesota na Wisconsin, uliona kwamba wanaoishi ndani ya maili moja kutoka uwanja wa gofu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, kuliko walio zaidi ya maili sita. Wakosoaji walikumbusha, kwa haki, kwamba hakuna dawa ya kuua wadudu iliyopimwa na kwamba uhusiano si chanzo. Mimi nisingekimbia nyumba kwa utafiti mmoja. Ningeuliza tu kisima cha mtaa kiko juu au chini ya uwanja, na maji hupimwa dawa gani, mara ngapi kwa mwaka. Msimamizi mzuri wa uwanja hujibu bila kukasirika.

Halafu barabara. Novemba 2018 moto uliteketeza mji wa Paradise kwenye vilima vya California. Watu 85 walikufa, na wakazi wengi walikwama kwenye foleni kwa sababu njia za kutoka zilikuwa chache. Septemba 2024 kimbunga Helene kilivunja sehemu ya barabara kuu ya I-40 kwenye korongo la mto Pigeon huko North Carolina, ikafunguliwa kwa njia moja kila upande Machi 2025. Asheville ilikaa siku 53 bila maji salama ya bomba, na mafuriko yakaharibu vibaya mashimo tisa ya kwanza ya uwanja wa manispaa uliobuniwa na Donald Ross na kufunguliwa 1927. Watetezi husema majani yaliyomwagiliwa huzuia moto. Huupunguza kasi, ni kweli, lakini makaa hurushwa na upepo juu ya majani hayo yote na kutua kwenye paa. Mtaa wenye geti moja zuri na barabara moja ya kushukia ningeukataa hata kama uwanja wake ni wa ndoto. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, pata bima kwa maandishi. Mei 2023 State Farm iliacha kupokea wateja wapya wa bima ya nyumba California nzima, na mnunuzi aliyedhani bima ni jambo la wiki ya mwisho alikwama.

Hospitali iwe ndani ya nusu saa wakati wa theluji, si wakati wa kiangazi. Mwenye moyo dhaifu azungumze na daktari kabla ya kuishi juu ya mita 2,500, ambako kila pumzi hubeba oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya pwani.

Baada ya kupima haya yote, ningemshauri anayecheza mara tatu au zaidi kwa wiki, mwenye mwenza anayependa watu hata kama hapendi gofu, anunue, mradi klabu iwe ya wanachama na barabara ziwe mbili. Apange kwanza nyumba hapohapo katika mwezi mbaya kuliko yote, ule ambao uwanja umefungwa na jengo la klabu lina meza nne tu zenye watu. Anayecheza mara moja kwa wiki akae kwenye mji ulio chini ya mlima, alipie raundi kama mgeni, na ada ambazo angelipa zibaki benki.