Mlima Tunao, Fungueni Geti

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti nilitoka Calgary, Kanada, saa kumi na moja alfajiri, fimbo za gofu na kamera zikiwa nyuma ya gari, nikaelekea uwanja wa gofu wa bonde la Kananaskis. Ni mwendo wa kama saa moja. Nilipofika jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa kilele cha Mlima Kidd. Ni mwamba mtupu wa kijivu, lakini kwa dakika chache uligeuka waridi, na chini yake nyasi za uwanja bado zilikuwa gizani, nyeupe kwa umande.

Nilipiga magoti, nikapiga picha saba. Kisha nikapangwa kucheza na watu nisiowajua: fundi wa mabomba aliyestaafu, binti yake, na mjukuu wa miaka kumi aliyekuwa na fimbo zake fupi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mwanachama wa wapi. Uwanja huo wa mashimo 36 ni mali ya jimbo la Alberta, na mkazi wa jimbo hulipa chini ya mgeni. Mimi ninalipwa kwa kuwatunza wazee, nalipa kodi yangu Alberta, basi ni mkazi. Yaliishia hapo.

Kwenye grini ya tatu, yaani pale penye nyasi fupi zinazozunguka shimo, yule fundi alikuwa ameinama, anasoma mteremko, hauoni. Nikamwonyesha mahali pa kulenga, karibu futi moja kushoto ya shimo. Akanitazama kwa mashaka, akagonga, mpira ukajipinda taratibu na kutumbukia. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimekulia chini ya mlima.

Nilikuwa kedi, mbeba mikoba ya fimbo za wachezaji. Nikiwa kidato cha pili nilianza kubeba mikoba wakati wa likizo, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, katika klabu ambayo sitaitaja. Mzee aliyenifunza kazi alisema: usianze na nyasi, anza kwa kuuliza mlima uko wapi, kwa sababu mpira huukimbia mlima. Nilijua kila grini ya uwanja ule kama ninavyojua njia ya kwetu kwenda mtoni. Lakini kucheza ilikuwa Jumatatu peke yake, siku ya makedi, tena kwa fimbo za kuazima. Siku nyingine, ukishaweka mkoba chini unatoka kwa geti la nyuma. Wadogo zangu waliuona uwanja kupitia matundu ya ua wa michongoma.

Watu wakiona picha zangu za Kananaskis wananiandikia, "Huko kweli ni mbinguni." Hapana. Mlima Kidd una mita 2,958. Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, ina 5,199, na iko karibu kabisa na ikweta! Wacheza gofu wa huku hushangaa mpira unavyoruka mbali kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi. Nanyuki, mji wa chini ya Mlima Kenya, iko juu kuliko bonde hili. Hata kwa kamera sioni kama tumezidiwa. Huku mlima uko karibu, unajaza picha wenyewe, na jioni za Juni mwanga unakaa hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo mpiga picha ana muda wa kukosea na kurudia. Kwetu mlima unasimama mbali, unataka lenzi ndefu na subira, na mara nyingi asubuhi haijaisha mawingu yameshaufunika. Ukiwahi ile saa moja ya kwanza, ncha za Batian na Nelion zikiwa nyeusi juu ya nyasi zenye umande, unapata picha ambayo milima hii ya Alberta haiwezi kukupa. Theluji ya Mlima Kenya yenyewe inapungua mwaka hadi mwaka, na inaniuma kwamba watoto wanaoishi hapo hawajaipiga picha wakiwa wamesimama kwenye nyasi zile.

Alberta nao hawakuzaliwa wema. Bonde hili ni ardhi ya Wastoney Nakoda, wenyeji wa asili wa huku, tangu kale. Lakini mafuta yalipoleta pesa, serikali ilitenga Kananaskis mwaka 1978 iwe mahali pa watu wote kupumzika, na uwanja ukafunguliwa 1983. Mafuriko ya Juni 2013 yaliuharibu karibu wote. Wapo waliolalamika fedha za umma kurudishwa kwenye gofu, na ni haki yao, ila ulijengwa upya na kufunguliwa 2018, na bado mjukuu wa fundi bomba anacheza humo. Kwetu klabu kongwe zilianzishwa na walowezi. Royal Nairobi ni ya 1906. Walowezi waliondoka, ua ukabaki, na sisi wenyewe tukaanza kuupunguza matawi kila mwezi usipoteze umbo.

Sisemi huku kumekamilika. Nasukuma kitoroli changu peke yangu, na kuanzia Oktoba theluji inafunga kila kitu hadi Mei. Kedi hayupo, na bila kedi mchezo una upweke ambao sijauzoea. Mtu aliyetembea nawe mashimo 18, akakukataza fimbo ya kijinga na kuomboleza nawe mpira ukiingia majini, huyo ni mwenzako. Hilo tunalo sisi.

Basi naomba klabu zetu za milimani zitoe alasiri moja kwa wiki kwa watoto wa vijiji vinavyozizunguka, fimbo chache za klabu, kedi mmoja wa kuwafundisha na kulipwa kwa kazi hiyo. Wakazi wa kaunti nao wawe na bei yao. Nyasi hazitakufa.

Ile picha ya asubuhi nilimtumia kaka yangu, ambaye bado anabeba mikoba. Hakusema neno juu ya mlima. Aliuliza, "Huyo mtoto mwenye fimbo, baba yake ni mwanachama?"