Nywila ya Shiti ni Pazia

Siku mishahara ya ofisi yao ilipoanza kuzunguka WhatsApp, mhasibu mmoja alinipigia simu amechanganyikiwa. “Kaka, ile shiti ya Excel niliificha, na nywila nikaweka!” Akanisomea nywila yenyewe, herufi kumi na nne, kwa fahari ya mtu aliyefunga benki. Kumbe faili hilohilo, mishahara ikiwa ndani, alikuwa amewatumia wakuu wa idara wote wajaze siku za likizo.

Nilimwomba nakala. Nikabadili mwisho wa jina kutoka .xlsx kuwa .zip, nikalifungua. Faili la Excel la siku hizi ni kifurushi cha mafaili ya maandishi, na tarakimu za mishahara zilikuwa humo, zinasomeka hata kwa Notepad. Nywila yake sikuihitaji. Kilichokuwa kikificha ile shiti ni mistari michache inayoiagiza Excel isiionyeshe. Ukiifuta, agizo limekwisha.

Pazia la mlangoni humzuia mwenye adabu ya kupiga hodi. Mwizi hana hodi. Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba kinga ya shiti haikuwekwa kwa ajili ya usalama, ila nani husoma maelezo yale? Tangu toleo la Excel la 2013 nywila hiyo huchakatwa mara 100,000 kwa SHA-512, hesabu ya kuigeuza nywila kuwa alama isiyorudishika. Hesabu nzito kweli, lakini ni kufuli la chuma lililoshonwa kwenye pazia.

Na makro, yaani programu ndogo zinazoiendesha Excel yenyewe, ndiyo usiseme. Niliwahi kuwauzia watu faili la mikopo ya vikundi vya akiba, msimbo wake wa VBA, lugha ya kuandikia makro, nikaufunga kwa nywila, nikalala usingizi. Baada ya miezi nikaletewa faili “jipya” nilirekebishe, lina jina la mtengenezaji mwingine. Ndani, msimbo wangu mzima, hadi neno “marejsho” nililokosea kuandika. Kufuli lile huvunjwa kwa kubadili herufi moja tu ndani ya faili. Tangu hapo natoza kazi ya kufundisha na kurekebisha, msimbo wauchukue.

Sisemi pazia halina kazi. Ninafunga seli za fomula kila siku, kwa sababu karani akichoka atafuta jumla ya mwezi bila kujua. Hapo ni kinga dhidi ya kidole, na inatosha.

Kinachofunga kweli ni nywila ya kufungulia faili lenyewe. Tangu Excel 2007 hiyo husimba faili zima kwa AES, njia ya kuyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo, na ukiisahau hakuna wa kumlilia. Lakini nayo ina mpaka: uliyempa ufunguo ameingia nyumba nzima, na shiti uliyoficha ni chumba chenye pazia. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa faili la Excel lenye shiti iliyofichwa. Taarifa za askari na watumishi wao 9,483 zikaanikwa, na mwaka uliofuata wakatozwa faini ya pauni 750,000. Pale hata nywila ya kuvunja haikuwepo.

Mhasibu wangu sasa ana mafaili mawili. La likizo linazunguka ofisi nzima. La mishahara halitoki kwake, na lina nywila ya kufungulia. Hiyo hakunisomea.